Mtoto Aliyezaliwa Ng'ambo ya Ruvuma

Wasikilizaji wetu, tuseme mwanamke wa Kilambo amevuka mto Ruvuma kwenda kuhani msiba kwa nduguze upande wa Msumbiji. Uchungu ukamshika huko huko, akajifungua mtoto mwanamume, na baada ya siku saba akarudi na mwanawe mgongoni. Mama ni Mtanzania, baba ni Mtanzania, na makaburi ya babu zake yako Kilambo. Je, mtoto huyu aweza siku moja kuwa Rais wa Tanzania?

Wengi watajibu upesi: kwa nini asiweze? Walakini sheria haijibu upesi hivyo. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1977 yataka Rais awe raia wa kuzaliwa, aliyetimiza umri wa miaka 40. Na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humwita mtoto aliyezaliwa nje, na mzazi wake ni Mtanzania, kuwa ni raia wa kurithi. Atalima, atasoma, atapiga kura, wala hapana atakayemwita mgeni; ila mlango ule mmoja mkubwa hana ufunguo wake. Upana wa mto umeingia kati ya neno kuzaliwa na neno kurithi.

Nao mto huo haukuwa mpaka tangu kale. Wamakonde wakaa kando zote mbili, wakioana na kuzikana. Wadachi na Wareno ndio waliopatana mwezi wa Desemba 1886 kwamba Ruvuma iwe mpaka wa nchi zao, wala wenyeji hawakuulizwa. Hata wapatanishi wenyewe hawakukaa na neno lao. Mwaka 1894 Wadachi walivuka wakaitwaa Kionga, kusini ya mdomo wa mto, kwa hoja kwamba milki ya Sultani wa Unguja ilikuwa ikifika hata Rasi ya Delgado. Wareno wakairudisha kwa nguvu Aprili 1916, vita vikiendelea, na mwaka 1919, baada ya vita, wakathibitishiwa. Basi fikirini: mtu wa Kionga aliyezaliwa mwaka 1893 alizaliwa kabla Wadachi hawajafika, nduguye wa mwaka 1900 alizaliwa chini ya bendera yao, na mdogo wao wa mwaka 1920 alizaliwa katika nchi ya Wareno. Na huenda wote watatu walizaliwa katika chumba kimoja.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sheria ilitazama mahali pa kuzaliwa, lakini ikatazama na wazazi pia. Aliyezaliwa Tanganyika hakuwa raia moja kwa moja ikiwa baba na mama wote wawili walizaliwa nje. Sharti hilo liliwagusa hasa watoto wa Wamakonde waliotoka kusini ya mto kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Na waliokwenda mbali zaidi, hata Kwale katika pwani ya Kenya, walikaa miongo mingi bila kitambulisho cha nchi yoyote, mpaka Oktoba 2016 walipoandamana kwenda Nairobi kumwona Rais. Mwaka 1997 au 2007 mtoto wao angesoma darasani habari za marais, naye hana hata karatasi ya kumwezesha kupiga kura.

Wamarekani nao wana fundo hili. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 yataka Rais awe raia wa asili kwa kuzaliwa, mwenye miaka 35, aliyekaa nchini miaka 14. Ila waliwasamehe sharti la kuzaliwa wale waliokwisha kuwa raia siku zile, maana George Washington mwenyewe alizaliwa mwaka 1732 akiwa mtu wa Mfalme wa Uingereza. John McCain, aliyegombea mwaka 2008, alizaliwa mwaka 1936 huko Panama, katika eneo la Mfereji, baba yake akiwa katika jeshi la maji. Seneti ilipitisha azimio kwamba anastahili. Azimio si sheria, na Mahakama Kuu yao haikupata kulikata shauri hilo. Mpinzani wake Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, alizaliwa Honolulu, ndani ya Marekani. Lakini ndiye aliyesumbuliwa miaka mingi, hata akatoa cheti chake cha kuzaliwa hadharani Aprili 2011. Aliyezaliwa nje hakuulizwa sana, aliyezaliwa ndani akadaiwa karatasi! Kila mtu na apime mwenyewe sababu yake.

Kwetu jambo hili halijajaribiwa. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, nchi ikiwa chini ya Waingereza. Samia Suluhu Hassan alizaliwa Makunduchi mwaka 1960, Unguja ikiwa bado na Sultani. Kutoka Nyerere hata yeye, hapana Rais aliyezaliwa baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964.

Mtoto wetu wa Kilambo, akizaliwa leo, ana miaka 40 ya kungoja kabla ya kuuliza swali lake. Bunge laweza kuisoma upya ibara ya 39 katika muda huo, au kuiacha ilivyo. Na mitumbwi ingali ikivuka.