Kinyago cha Mpingo na Jina la Mchongaji

Ninyi mlio madarasani Kinondoni na Temeke, sogeeni karibu na redio. Kila mmoja awe na kalamu na daftari, maana mwisho wa somo tutaandika.

Somo la leo ni habari ya kinyago cha mpingo. Wengi wenu mmepita Mwenge, mkawaona wachongaji wamekaa kivulini, tezo mkononi, vibanzi vya mti vimewazunguka. Wageni hununua kazi zao wakapeleke zawadi kwao. Je, kazi hii ilianzia wapi, nayo ilifikaje hapa mjini?

Wamakonde kwao ni pande mbili za Mto Ruvuma. Upande wa kaskazini ni Newala na sehemu nyingine za Mtwara. Upande wa kusini ni nchi ya juu ya Mueda, katika Msumbiji. Huko tangu zamani walichonga vinyago vya kuvaa kichwani, viitwavyo mapiko. Vilichezwa katika sherehe za vijana waliotoka jandoni. Kwa kuwa mchezaji aliruka nacho kichwani, kinyago hicho kilichongwa kwa mti mwepesi, wala si kwa mpingo. Usoni kilitiwa chale kama za wazee, na pengine kilibandikwa nywele za mtu. Wasioijua siri yake waliogopa. Lakini methali yasema: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Basi, mpingo uliingiaje? Wanunuzi wa kigeni, huko Msumbiji na hapa kwetu, walipenda mti mweusi na mgumu. Tena, chini ya utawala wa Wareno, watu wa Mueda walitozwa kodi na kulazimishwa kazi. Wengi wakavuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Tarehe 16 Juni 1960, Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vilianza, na wakimbizi wakaongezeka. Mali waliiacha nyuma, lakini ujuzi wa mikono walikuja nao.

Hapa Dar es Salaam ujuzi huo ulizaa mambo mapya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani, yaani viumbe vya ajabu visivyofanana na mtu wala mnyama. Mfanyabiashara Mohamed Peera alizinunua kazi hizo na kumtia moyo. Mchongaji mwingine, Roberto Yakobo Sangwani, alichonga watu wengi katika gogo moja, mmoja juu ya mwenziwe, wote wameshikana. Mtindo huo uliitwa dimoongo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, watu wengi waliuita Ujamaa, na jina hilo ndilo lililoshika.

Tunajifunza nini hapa? Mti ulibadilika, umbo likabadilika, na mnunuzi akabadilika. Hata hivyo kazi ilibaki ya Wamakonde. Urithi si nguo ya kufungiwa sandukuni. Ni ujuzi ambao kila kizazi huutumia kwa haja zake.

Lakini urithi huu una maadui wawili. Wa kwanza ni upungufu wa mti wenyewe. Mpingo hukua polepole sana. Huweza kuchukua miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kukatwa. Tena hatuutumii peke yetu, kwani Ulaya hufanyiwa ala za muziki za kupuliza. Tukikata bila kupanda, wajukuu watachonga nini? Tayari wako wadanganyifu wanaopaka mti mwepesi rangi ya viatu. Ukitaka kuwatambua, pima uzito. Mpingo halisi ni mzito, hata ukitiwa majini huzama.

Adui wa pili ni kutokujua kuandika. Katika nyumba za makumbusho za Ulaya viko vinyago vingi vilivyoandikwa "Makonde" tu. Jina la kabila lipo, jina la mchongaji halipo. Mtu alikaa siku nyingi juu ya gogo moja, kazi yake ikavuka bahari, naye akasahauliwa. Angalichora jina lake chini ya kinyago, hata leo tungalimjua.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni maneno haya: tezo, mpingo, kinyago, urithi. Kisha zungumzeni na mwalimu wenu: katika ukoo wako, ni kazi gani ya mikono iliyorithiwa, kama kusuka mikeka, kufinyanga vyungu au kufua vyuma? Nani alikufundisha, au nani angeweza kukufundisha? Andika jina lake kwa ukamilifu, na chini yake andika jina lako.

Kwaherini, hadi somo lijalo.