Vibarua Wasioonekana wa Bamburi

Mwaka 1971, kando ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, palikuwa na shimo pana lisilo na hata jani moja. Kiwanda kilikuwa kikichimba mawe ya matumbawe hapo tangu 1954, na kilichobaki ni sakafu nyeupe ya jiwe tupu iliyoungua kwa jua. Maji ya chini yalikuwa karibu, kwani shimo lilikaribia usawa wa bahari, ila yalikuwa na chumvi.

Watu wa Pwani wamechimba matumbawe karne na karne. Kuta za Gedi na nyumba za Mji wa Kale wa Lamu ni za jiwe hilohilo, zikashikwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana nalo. Lakini sururu ya fundi si baruti na mitambo. Kiwanda hakikuchukua jiwe tu, kiliondoa udongo wote pamoja na uhai uliokuwamo.

René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni hiyo tangu 1959, alijaribu miti ya aina 26 kwenye shimo lile. Aina tatu tu ndizo zilizohimili: mnazi, damasi na mvinje. Kazi kubwa ikaangukia mvinje, mti ambao wakulima wa Kilifi na Malindi wanaujua vizuri kwa nguzo zake za kujengea.

Ukifukua mizizi ya mvinje ulioshika vyema, utaona vinundu vigumu vilivyosongamana kama kishada. Ndani yake huishi bakteria wanaoitwa Frankia. Hao huchukua naitrojeni iliyomo hewani, ambayo mti hauwezi kuitumia wenyewe, wakaigeuza kuwa chakula chake, na mti ukawalipa kwa sukari. Mizizi hiyohiyo hushirikiana pia na kuvu, ambao nyuzi zao nyembamba hupenya kwenye nyufa ambazo mzizi haupiti, zikarudi na maji na fosforasi. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank ndiye aliyeupa ushirika huu wa kuvu na mizizi jina la kitaalamu, na bakteria wa vinundu wakaitwa Frankia kwa heshima yake. Hata hivyo, wanasayansi hawakufaulu kuwaotesha bakteria hao peke yao katika maabara hadi 1978. Kwa hiyo mivinje ya Bamburi ilikuwa imeshashika mizizi kabla hata sayansi haijaweza kumtenga mshirika wake mkubwa.

Mivinje ikakua, ikapukutisha, na kukazuka tatizo jipya. Takataka zake zilirundikana chini bila kuoza, kwa kuwa zimejaa tanini ambayo bakteria waozeshaji hawakuiweza. Mboji haikutokea, na bila mboji hakuna mti mwingine ambao ungeota.

Suluhisho lilikuwa jongoo. Haller aligundua kwamba jongoo wa huku Pwani, wale wenye miguu myekundu, wanaweza kula takataka kavu za mvinje. Wakakusanywa kwa mamia na kuachiwa humo. Walitafuna usiku na mchana, na kinyesi chao kikawa laini kiasi cha bakteria kukimaliza. Polepole udongo mweusi ukaanza kujijenga juu ya jiwe, na miti mingine ikapata pa kuota.

Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa umma, na leo panaitwa Haller Park. Wengi wanapajua kwa sababu ya Owen, kiboko yatima aliyeokolewa baada ya tsunami ya 2004, na kobe Mzee aliyekuwa rafiki yake. Ni hadithi inayogusa moyo, lakini haielezi jinsi msitu ulivyopatikana.

Somo hili la Bamburi lina uzito kwa Kwale, ambako uchimbaji wa titani ulioanza 2013 ulikoma mwishoni mwa 2024. Udongo wa juu unaofukuliwa na kulundikwa miaka mingi hupoteza sehemu kubwa ya kuvu wake, hata ukirudishwa ulikotoka. Basi wakazi wa Kwale, madiwani na wakaguzi wa mazingira wasikubali kuonyeshwa hesabu ya miche iliyopandwa pekee. Waulize kama mizizi ina vinundu, kama majani yanaoza, na kama udongo una uhai. Miche huhesabika siku moja, ila ardhi hukaguliwa kwa miaka, na gharama ya ukaguzi huo iwe juu ya aliyechimba.