Mkate, Kura na Mauti: Historia ya Panem ya Suzanne Collins

Tarehe 14 Septemba 2008, kampuni ya uchapishaji ya Scholastic ya Marekani ilitoa riwaya ya vijana iitwayo The Hunger Games, iliyoandikwa na Suzanne Collins, na kabla ya miaka minane kupita riwaya hiyo ilikuwa imezaa juzuu nyingine mbili na filamu nne, huku mhusika wake mkuu, Katniss Everdeen, akijulikana hata na watu wasiowahi kuufungua ukurasa mmoja wa kitabu chenyewe. Kwa kuwa kisa kinahusu vijana 24 wanaofungiwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja, wengi walioujadili msururu huo wamekaza macho kwenye mauaji. Hata hivyo, msomaji makini hukuta kwamba silaha kubwa ya watawala wa nchi ya kubuni inayosimuliwa ni chakula, na kwamba historia ya msururu mzima inaweza kufuatiliwa kwa kuuliza nani anashika ufunguo wa ghala na nani anasubiri kupimiwa.

Riwaya hiyo ni ya mkondo wa distopia, yaani fasihi inayosawiri jamii ya kubuni ambamo utawala umeoza hata maisha yenyewe yakawa adhabu, na ambayo kwa kawaida huyakuza maovu yaliyokwisha kuchipua katika jamii ya msomaji. Mkondo huo ulijengwa na Mrusi Yevgeny Zamyatin katika miaka ya 1920, kisha Aldous Huxley mwaka 1932 na George Orwell mwaka 1949. Huyu wa mwisho ndiye anayefahamika zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu hekaya yake nyingine kuhusu mapinduzi yaliyosalitiwa ilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kutolewa Nairobi mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Katika fasihi ya vijana, Lois Lowry alikuwa amefungua njia mwaka 1993 kwa The Giver, na huko Japani Koushun Takami alichapisha mwaka 1999 riwaya ya Battle Royale, ambamo wanafunzi wa darasa moja wanalazimishwa kuuana kisiwani. Kufanana kwa riwaya hiyo na ya Collins kumezusha ubishi mrefu, ingawa Collins amesema kwamba hakuwa ameisikia alipokuwa akiandika, na vyanzo alivyovitaja mwenyewe vinatosha kueleza kazi yake ilikotoka.

Chanzo cha kwanza ni nyumbani kwao. Collins alizaliwa mwaka 1962 mjini Hartford, jimboni Connecticut, akiwa binti wa afisa wa jeshi la anga ambaye alikuwa pia mwanahistoria wa vita, na ambaye alipelekwa Vietnam wakati mtoto huyo akiwa na umri wa miaka sita. Baba huyo aliporejea aliwazoesha watoto wake kutembelea viwanja vya mapigano ya kale, akiwaeleza kilichosababisha kila vita na hasara iliyobaki baada yake. Chanzo cha pili ni hadithi ya Kigiriki ya Theseus, ambamo mji wa Athens unalazimika kupeleka Krete wavulana saba na wasichana saba waliwe na dubwana liitwalo Minotaur, na cha tatu ni Spartacus, mtumwa mpiganaji wa Kirumi aliyeongoza uasi kuanzia mwaka 73 kabla ya Kristo. Vyanzo hivyo vilikutana usiku mmoja Collins alipokuwa akibadilisha chaneli za runinga, akitoka kwenye shindano la vijana hadi kwenye picha za vita vya Iraki, mpaka mambo hayo mawili yakaanza kuchanganyika mbele yake. Ikumbukwe kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwandishi wa vipindi vya watoto vya runinga tangu mwaka 1991, kwa hiyo alijua kwa ndani namna picha zinavyokatwa, kupangwa na kutiwa utamu.

Nchi aliyoijenga, Panem, imesimama juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini baada ya majanga ya tabianchi na vita. Jiji kuu liitwalo Capitol limekaa katika Milima ya Rocky, nalo linalishwa na wilaya 12 ambazo kila moja imefungwa kwenye kazi yake: ya 4 huvua samaki, ya 8 hufuma nguo, ya 11 hulima, ya 12 huchimba makaa ya mawe. Wilaya ya 13 inasemekana kuteketezwa katika uasi ulioshindwa, na kama adhabu ya uasi huo kila wilaya hutoa kila mwaka mvulana na msichana mmoja, wenye umri kati ya miaka 12 na 18, waingizwe katika Michezo ya Njaa, ambayo watu wote wanalazimishwa kuitazama. Jina Panem ni neno la Kilatini kwa mkate, nalo limetokana na lalamiko la mshairi Juvenal kwamba raia wa Roma walikuwa wameuza sauti yao ya kisiasa ili wapewe chakula na burudani. Roma hiyo imetapakaa hadi kwenye majina ya wahusika, na msomaji aliyewahi kuisoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, atawakuta tena katika Panem akina Kaizari, Cinna, Portia, Flavius, Cato na Brutus, safari hii wakiwa watangazaji, wabunifu wa mavazi, wapambaji na wapiganaji wa uwanjani.

Jambo lililobuniwa kwa ustadi kuliko yote katika kitabu cha kwanza ni kanuni ya kura, na inafaa kuitazama kwa hesabu. Mtoto anapofikisha miaka 12 jina lake huingizwa mara moja katika chombo cha kura, akiwa na miaka 13 mara mbili, na kuendelea hivyo hadi mara saba akiwa na miaka 18. Kufikia hapo sheria inaonekana kuwatendea wote sawa. Lakini mtoto mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake ili apewe tessera, yaani haki ya kupokea nafaka na mafuta kidogo ya kumtosha mtu mmoja kwa mwaka, naye anaweza kufanya hivyo kwa ajili ya kila mtu wa nyumbani mwake. Katika Roma ya kale, tessera kilikuwa kibao alichoonyesha raia ili apewe nafaka ya serikali. Majina hayo ya ziada hayafutwi mwaka unapokwisha. Katniss, aliyefiwa na baba mgodini na kubaki na mama na mdogo wake Prim, amekuwa akichukua tessera tatu kila mwaka, hivyo akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20, na rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na watu watano nyumbani, jina lake limo mara 42. Serikali hapo haihitaji kutunga sheria ya kuwatoa maskini kafara. Inatosha kuweka bei ya unga. Gale ameng'amua pia kwamba mpango huo unawagawa watu wa wilaya moja, kwa maana mtoto wa mchimbaji humchukia mtoto wa mwenye duka kabla ya kuwachukia walioweka kura. Kisha Collins anaipindua hesabu hiyo, kwani jina linalotoka ni la Prim, lililoingizwa mara moja tu, na Katniss anajitolea kwenda badala yake.

Kuanzia hapo mkate unakuwa lugha ya watu wasio na lugha nyingine. Peeta Mellark, mwana wa mwoka mikate anayechaguliwa pamoja na Katniss, aliwahi kumrushia mikate iliyoungua siku alipokuwa karibu kufa kwa njaa, akapigwa na mama yake kwa kuiunguza. Rue, mtoto wa miaka 12 kutoka wilaya ya wakulima, ambako mtu huchapwa mijeledi akila mazao aliyoyachuma kwa mikono yake, anapouawa uwanjani na Katniss kuupamba mwili wake kwa maua, wilaya hiyo inamtumia Katniss mkate, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mshindani wa wilaya nyingine. Katika juzuu ya pili, Catching Fire ya mwaka 2009, mikate inayotumwa uwanjani hubeba ujumbe wa siri wa siku na saa ya kuwaokoa wapiganaji. Hakuna hotuba ya kisiasa katika msururu huu inayofikia uzito wa ule mkate wa wilaya ya 11.

Juzuu ya tatu, Mockingjay ya mwaka 2010, iliwakera wasomaji waliotarajia ushindi mtamu, ingawa ndiyo yenye ukweli mwingi zaidi. Wilaya ya 13 inagunduliwa kuwa hai chini ya ardhi, ikiongozwa na Rais Coin, ambaye anampimia kila mtu chakula na kila dakika ya siku kwa ukali unaofanana na ule wa adui yake vitani, Rais Snow wa Capitol. Mabomu yanayoangushwa kwa miavuli midogo, mfano wa ile iliyokuwa ikipeleka chakula uwanjani, yanamuua Prim na watoto wengi wa jiji kuu, na dalili zote zinaelekeza lawama kwa upande wa ukombozi. Coin anapopendekeza michezo ya mwisho itakayotumia watoto wa washindwa, Katniss anamlenga yeye kwa mshale na kumwacha Snow.

Filamu zilizotoka kati ya 2012 na 2015, Jennifer Lawrence akiwa Katniss na Donald Sutherland akiwa Snow, ziliifikisha hadithi kwa mamilioni ya watu, lakini zilifuatana na biashara iliyopingana nayo, kwa mfano vipodozi vilivyouzwa mwaka 2013 kwa jina la jiji kuu, yaani la wale ambao hadithi inawalaani kwa kujiremba wakati wengine wanakufa. Mwaka 2012 baadhi ya watazamaji wa Marekani walilalamika hadharani kwamba Rue aliigizwa na msichana mweusi, Amandla Stenberg, ingawa kitabu kinasema wazi kwamba ngozi yake ni ya kahawia iliyokoza.

Huko Asia hadithi ilipokelewa kwa namna nyingine kabisa. Katniss na watu wa wilaya yake huinua vidole vitatu kama ishara ya shukrani, heshima na kuagana, na baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 2014 nchini Thailand waandamanaji waliichukua ishara hiyo, baadhi yao wakakamatwa kwa kuionyesha. Wanafunzi wa Thailand waliirudia mwaka 2020, na baada ya mapinduzi ya Februari 2021 ikaenea Myanmar, ambako balozi wa nchi hiyo katika Umoja wa Mataifa, Kyaw Moe Tun, aliinua vidole vitatu mbele ya Baraza Kuu tarehe 26 ya mwezi huo huo.

Collins alirudi Panem mwaka 2020 kwa The Ballad of Songbirds and Snakes, inayosimulia ujana wa Snow miaka 64 kabla ya Katniss, na hapo ndipo swali la ghala linapopata jibu chungu kuliko yote. Snow alikulia katika jiji lililozingirwa na waasi, akalala njaa, akaona mtu mzima akikata nyama ya maiti barabarani. Aliyeonja njaa ndiye anayependekeza watazamaji waruhusiwe kuwatumia wapiganaji chakula na kuwawekea dau, akiifanya michezo ipendwe.

Katika Sunrise on the Reaping ya mwaka 2025, inayomhusu Haymitch, mlevi aliyewafunza Katniss na Peeta, Collins aliegemea wazo la mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, aliyestaajabu mwaka 1741 jinsi wengi wanavyotawaliwa kwa wepesi na wachache. Msomaji wa Catching Fire alikwisha kuonyeshwa kwenye mkanda namna Haymitch alivyoshinda Michezo ya 50, ambayo idadi ya vijana ilikuwa maradufu, dhidi ya wengine 47. Sasa anagundua kwamba mkanda huo ulikatwa, na kwamba jaribio la kuuharibu uwanja lilifutwa kana kwamba halikuwahi kuwapo. Filamu ya juzuu hiyo, inayoongozwa na Francis Lawrence, imepangwa kutoka Novemba 2026, naye ana kazi ngumu ya kuonyesha kwa kamera namna kamera ilivyodanganya.