Shule za Buha na fedha inayomfuata mwalimu

Januari 2026 imetimia miaka 10 tangu serikali ya awamu ya tano ianze kutuma fedha za elimu bila malipo moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Wakati ule Kigoma ilikuwa na sababu yake ya kutembea kifua mbele. Waziri wa Fedha alikuwa Dk. Philip Mpango, mzaliwa wa Buhigwe, iliyokuwa sehemu ya Kasulu hadi wilaya ilipomegwa 2012. Waziri wa Elimu alikuwa Profesa Joyce Ndalichako, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Kasulu Mjini. Ungedhani zamu ya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, imefika.

Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi, hata hivyo, ilibaki palepale ilipowekwa mwaka 2002: Sh10,000 kwa mwaka. Ilipopangwa ilikuwa karibu sawa na dola 10 za Marekani. Kufikia 2016 haikufika dola 5. Tena si yote inayofika shuleni, kwa sababu Sh4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 800 basi hutarajia Sh4.8 milioni kwa mwaka, yaani Sh400,000 kwa mwezi. Humo humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na bati lililong'olewa na upepo.

Waliofuatilia hesabu za elimu kwa miaka mingi wanasema Sh10,000 ni kelele za mlangoni tu. Fedha yenyewe iko kwenye mishahara, na mshahara humfuata mwalimu. Chukua shule mbili, kila moja ina watoto 800. Moja ina walimu 20, nyingine ina wanane. Ruzuku yao inalingana hadi senti ya mwisho, lakini ukijumlisha mishahara, mtoto wa shule ya pili anapata kutoka serikalini chini ya nusu ya anachopata mwenzake. Hakuna aliyemwibia, na hakuna mkaguzi atakayeandika hoja. Kigoma imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa yenye wanafunzi wengi kwa kila mwalimu, na wilaya zake za Kibondo na Kasulu zina sehemu yao katika masikitiko hayo.

Mtindo huu ni mkongwe kuliko Uhuru. Waingereza walipoichukua Kigoma kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921 walikuta elimu mikononi mwa wamisionari. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na sheria ya elimu ya 1927 kupitishwa, misheni zilianza kupewa ruzuku, ila kwa masharti: shule ikaguliwe na iwe na walimu wenye vyeti. Vishule vya vijijini, ambako katekista alifundisha kusoma chini ya paa la nyasi, havikupata kitu. Buha ilikuwa na vishule vingi na vyeti vichache.

Sehemu nyingine ya gharama ilibebwa na hazina za Serikali za Wenyeji, na hapo ndipo Buha ilipoumizwa mara mbili. Ukoloni uliifanya nchi ya Waha kuwa ghala la vibarua. Vijana walitoka Kibondo na Kasulu kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine wakakaa miaka. Kodi waliilipa, lakini jasho lao lilijenga uchumi wa kule walikokwenda, na hazina ya nyumbani ikabaki na vijisenti. Wilaya zenye kahawa zilijijengea shule kwa fedha ya kahawa. Buha zao lake kuu lilikuwa watu.

Miaka ya Ujamaa inaweza kusemwa kwa haraka, maana imeandikwa sana. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilianza Kigoma mapema, mwaka 1972, na pamoja na kijiji kipya ilikuja ahadi ya shule, zahanati na maji. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na kweli madarasa yakajaa, yakifundishwa na walimu wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote (UPE) ambao wengi walikuwa wamemaliza darasa la saba tu. Miaka ya 1980 uchumi ukayumba, michango na ada vikarudi.

Kisha wakaja wakimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na vita ya Zaire ya 1996, wilaya hizi mbili zilipokea watu kwa malaki: Mtendeli, Kanembwa na Nduta upande wa Kibondo, Mtabila na Nyarugusu upande wa Kasulu. Kambini zilianzishwa shule zenye wafadhili wa kimataifa, na katika baadhi ya vijiji jirani mashirika yalijenga madarasa na visima. Mwanakijiji wa Makere angeweza kuona kwa macho yake fedha ya mtoto wa kambini inapita barabarani kwenye magari meupe, huku ya mtoto wake ikiwa ni habari tu ya redioni. Kinyongo hicho kilikuwa na uonevu ndani yake, kwa sababu watoto wa kambini nao walisoma chini ya miti mara nyingi. Lakini kilifundisha somo moja: kwamba fedha ya shule ni kitu kinachoweza kuhesabiwa na kuulizwa.

Kuuliza huko kukapata jukwaa mwaka 2002. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi na kuanzisha MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioleta kamati za shule zenye akaunti benki, ruzuku kwa kila mwanafunzi na, jambo lililoonekana dogo, agizo kwamba mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Waandikishwaji nchini waliongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Fedha haikukimbia kwa kasi hiyo. Ilipitia halmashauri, ikachelewa, ikapungua njiani, na tafiti za kufuatilia fedha zikaonyesha mara kwa mara kwamba shule nyingi hazikupata hata nusu ya kilichoandikwa.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi ambao hadi leo unasimuliwa na wanaharakati wa elimu kama vita vya kwanza. HakiElimu, asasi iliyoanzishwa 2001 na kuongozwa na Rakesh Rajani, ilikuwa ikirusha matangazo ya redio na televisheni kuhusu hali ya shule: darasa limefurika, mwalimu mmoja, vitabu hakuna. Yalikuwa mafupi, yana ucheshi, na yaliingia hadi kwenye nyumba ambazo hazijawahi kusoma ripoti. Agosti 2005 ikatoa tathmini ya miaka mitatu ya MMEM. Uchungu wake ulikuwa kwamba haikuwa na siri yoyote. Iliokotwa kutoka kwenye mapitio ya serikali yenyewe, ikapangwa vizuri na kuandikwa kwa lugha ya kueleweka.

Waziri wa Elimu, Joseph Mungai, hakucheka. Tarehe 8 Septemba 2005 wizara ilitoa Waraka wa Elimu Na. 5 ukiipiga marufuku HakiElimu kufanya utafiti katika shule na kuchapisha habari zake, kwa hoja kwamba inaidhalilisha elimu na taaluma ya ualimu. Nchi ilikuwa kwenye kampeni za uchaguzi mkuu, uliosogezwa kutoka Oktoba hadi Desemba baada ya mgombea mwenza wa Chadema kufariki, kwa hiyo kila neno lilisikika mara mbili. Asasi nyingine zilipaza sauti, magazeti yakapata vichwa vya habari, na asasi ambayo wengi vijijini hawakuijua ikajulikana kwa nguvu ya marufuku.

Haki itendeke pia kwa Mungai. Ni chini yake ada ilifutwa na mamilioni wakaingia darasani. Lakini ndiye pia aliyekumbukwa kwa kuunganisha Fizikia na Kemia na kuondoa michezo shuleni, mambo ambayo warithi wake waliyatengua. Hakuwa mtu wa kupenda kuulizwa. Mvutano wa serikali na HakiElimu uliendelea hadi awamu ya nne, na ukamalizwa mapema 2007 kwa mazungumzo na Waziri Mkuu Edward Lowassa.

Kabla ya kelele hizo lilikuwa limepita jambo kubwa bila kupigiwa ngoma. Bajeti ya 2004/05 ilianzisha kanuni ya kugawa ruzuku kwa halmashauri, na kwa elimu ya msingi kigezo kilikuwa kimoja: idadi ya watoto wa rika la kwenda shule. Kwa Kibondo na Kasulu, zenye watoto wengi, hii ilikuwa habari njema kuliko tangazo lolote la televisheni. Bahati mbaya kanuni iliwekewa sharti kwamba halmashauri isipunguziwe kile ilichokuwa nacho, na mishahara ikaendelea kufuata ikama iliyopo. Aliyekuwa na walimu akabaki nao. Kama kuna siku moja ambayo Buha ingepaswa kuandamana, ni siku hiyo, na sidhani kama kuna aliyejua.

Hasira za wapiga kura zilitokea kwingine. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilinyakua majimbo manne Kigoma, yakiwemo Muhambwe ya Kibondo na mawili ya Kasulu. Mwanzoni mwa 2013 kiongozi wa chama hicho, James Mbatia, alipeleka bungeni hoja binafsi juu ya udhaifu wa sekta ya elimu, Bunge likachafuka kwa kutafuta mtaala ulipo. Wiki chache baadaye matokeo ya kidato cha nne yakatoka: asilimia 60 wamepata sifuri. Mwaka huohuo vitabu vilinunuliwa kwa chenji ya rada, fedha iliyorejeshwa na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza. Ilikuwa fedheha kidogo kwamba darasa lipate kitabu kwa sababu ya mauzo mabaya ya rada, lakini kitabu ni kitabu.

Waraka ulioleta elimu bila malipo Novemba 2015 nao ulikuwa Na. 5. Fedha ikaacha kupotelea halmashauri, na hilo lisibezwe. Baadaye yamekuja madarasa ya fedha za UVIKO, miradi ya BOOST na Shule Bora, na maboma mengi yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi yamepauliwa. Majengo siku hizi yana wafadhili. Walimu wana ikama na kibali cha ajira.

Kasulu ina vyuo viwili vya ualimu vya serikali, Kasulu na Kabanga. Wahitimu wa ualimu wamejaa mitaani nchi nzima wakisubiri ajira, wengine wanalima, wengine wanaendesha bodaboda. Pale shule inapozidiwa, kamati huita kikao cha wazazi, wakakubaliana kiasi kwa kila kaya, akachukuliwa mmoja wa hao kuwa mwalimu wa kujitolea. Analipwa kwa michango, pengine kwa mahindi. Kwenye hesabu za Hazina hayumo, na shule yake inaendelea kuhesabiwa kuwa na walimu wanane.