Mrija, Debe na Pampu

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu hapa Kamsamba akiwa na jambo la kuuliza. Yeye hupika pombe ya ulezi na kuiuza, kazi aliyoirithi kwa bibi yake, ambaye ndiye mama yangu mzazi. Aliniamkia, akakaa, kisha akatoa karatasi aliyoandikiwa bei na muuza duka mmoja wa mjini.

"Mjomba," akasema, "nimechoka kubeba maji kichwani. Nataka kununua pampu. Wewe umesoma, niambie ninunue ipi."

Maneno yale "wewe umesoma" yalinichoma, ingawa hakuyasema kwa nia mbaya. Ili ndugu msomaji aelewe kwa nini, sina budi kurudi nyuma.

Mama yetu alipika kimpumu. Ulezi hulowekwa ukaota, ukaanikwa na kusagwa ukawa kimea. Uji hupikwa, ukapoa, ukatiwa kimea na kuachwa uchachuke. Kazi hiyo hula maji mengi mno. Pipa moja la lita 200 hutaka debe kumi, bila kuhesabu maji ya kuoshea vyombo na yale ya moto ya kuwaongezea wanywaji. Debe lililojaa lina uzito wa kilo 20 hivi, na aliyeyabeba kutoka Mto Momba alikuwa dada yangu. Fedha ya pombe ilinilipia ada na kuninunulia nguo za shule. Dada aliacha masomo darasa la nne ili maji yasikosekane. Mimi nikafika Chuo cha Ualimu, nikawa mwalimu, hatimaye mwalimu mkuu. Kwa miaka mingi niliwahubiria watoto kwamba pombe ni adui wa maendeleo, wala sikuwaambia hata siku moja ni kitu gani kilichonisomesha.

Turudi kwenye pampu. Wazee walipokunywa kimpumu, chungu kiliwekwa katikati, maji ya moto yakamiminwa juu ya ulezi uliochachuka, na kila mtu akaingiza mrija wake. Mafundi watanisamehe nikisema kwamba mrija ule ndio pampu ya kwanza ya pombe duniani. Si yetu peke yetu: katika mihuri ya kale ya Mesopotamia, nchi ya Iraki ya leo, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, wamechongwa watu walioketi kuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija mdomoni.

Mnywaji hudhani anaivuta pombe. La hasha! Yeye huondoa hewa ndani ya mrija tu, na hewa ya nje inayoukandamiza uso wa chungu ndiyo inayoisukuma pombe ipande. Jambo hili liliwasumbua wataalamu muda mrefu. Mwaka 1638 Galileo aliandika kuhusu pampu ya kuvuta ambayo haikuweza kupandisha maji kupita kiasi fulani, karibu mita 10. Miaka michache baadaye mwanafunzi wake, Torricelli, akaonyesha kwa zebaki kwamba uzito wa hewa ndio unaoweka mpaka huo. Huku bonde la Rukwa, tuliko takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo na mpaka hushuka. Kwa vitendo, mtu asitegemee pampu ya kuvuta kwenye kisima kinachozidi mita 7.

Mwaka 1797 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya pampu ya mkono ya kupandishia bia kutoka ghala la chini hadi meza ya baa. Mwenye baa akavuta mpini tu, na mtumishi akapumzika kupanda na kushuka ngazi na jagi mkononi. Nilipokuwa nikisoma habari hizo nilifikiri: kwetu, miguu ile ilikuwa ya dada yangu, na hakuna aliyeitengenezea mpini.

Baadaye mpini ulikuja, nami ndiye niliyeuharibu. Mwaka 1971 serikali yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Wafadhili walikuja na pampu zao, kila mmoja na ya nchi yake. Katika miaka hiyo nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji nilikofundisha, na dada yangu alikuwa ameolewa hapo hapo. Tulionyeshwa aina mbili. Nikaichagua ile ya chuma kizito, kwa sababu ilionekana imara na ilipakwa rangi nzuri.

Dada alisimama mkutanoni, yeye na wapika pombe wenzake, akauliza: "Ikiharibika, ataitengeneza nani, na kwa spana gani?"

Wanaume walicheka. Mimi nikajibu, kwa Kiswahili changu cha chuoni, kwamba mali ya serikali hutengenezwa na serikali.

Ilifanya kazi mwaka mmoja na nusu. Kilichokufa kilikuwa kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe, kisichozidi kiganja cha mtoto, kinachoziba pembeni mwa pistoni ili maji yasirudi chini. Kukibadilisha kulihitaji kuvuta bomba zima kwa magogo matatu na mnyororo, na ngozi yenyewe ilikuwa Mbeya. Niliandika barua tatu. Mwaka ukapita. Wanawake wakarudi mtoni, na masika moja dada yangu aliteleza kwenye ukingo akiwa na debe kichwani, akaumia kiuno. Tangu siku hiyo hajabeba kitu kizito, na binti yake ndiye aliyeshika debe.

Kosa langu halikuwa langu peke yangu. Mwaka 1991 ulifika na lengo la taifa halikufikiwa, na sababu moja kubwa ilikuwa pampu zilizosimama kwa kukosa kipuri kidogo. Kutokana na hali kama hiyo wataalamu walibuni pampu nyingine, na katika miaka ya 1980 Afridev ilitengenezwa na kujaribiwa Malawi na Kenya. Sehemu zake nyingi zinazochakaa ni za plastiki na mpira, nazo hutolewa na wanakijiji wenyewe kwa spana moja. Kwa maneno mengine, swali la dada yangu lilikuja kugeuzwa kuwa kanuni ya uhandisi.

Basi nilipoitazama karatasi ya mpwa wangu sikuharakisha kujibu. Muuza duka alimshauri anunue pampu ndogo ya umeme, aina ambayo mota yake huzungusha panga la ndani kwa nguvu za sumaku, ili mafuta ya mota yasiguse kinywaji. Wapika bia wa nyumbani wa Uingereza, walioondolewa sharti la leseni mwaka 1963, na wa Marekani, walioruhusiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1978, huzipenda sana. Ni nzuri kwa kazi yao, maana bia yao ya shayiri huchujwa kwanza. Yetu ina machicha, nayo yangeziba panga lile siku ya kwanza.

Tena alishauriwa aiweke juu ya meza, ivute uji wa moto kutoka chunguni. Hapo nilimwambia asikubali. Kimiminika kilicho karibu na kuchemka hakivutiki: ukikipunguzia mgandamizo hugeuka mvuke ndani ya pampu, nayo huzunguka bure ikinguruma kama iliyomeza kokoto. Pampu ya kitu cha moto hukaa chini ya chungu, ijae kwa uzito wa kimiminika chenyewe, na mwendo hupunguzwa kwa koki ya upande wa kutokea, kamwe si ule wa kuingilia.

Tulikaa siku mbili tukipiga hesabu. Mzigo wake mkubwa ulikuwa maji, si pombe. Kisima cha ua wake kina mita 5. Tukachagua pampu ya kukanyaga kwa miguu, ya namna iliyoenea Bangladesh tangu miaka ya 1980, na ambayo shirika la ApproTEC la Nairobi lilianza kuiuza Kenya mwaka 1996 kwa jina la MoneyMaker. Hupandisha maji hadi pipa lililowekwa juu ya jukwaa, na kutoka hapo hushuka yenyewe hadi chunguni. Pombe haipiti kwenye pampu kabisa.

Kuhusu matunzo, nilimwandikia mambo manne ukutani. Mdomo wa mpira wa kuvutia ufungwe kitambaa cha kuzuia mchanga, kwa kuwa mchanga ndio unaokula washa. Pampu inyweshwe maji kabla ya kuanza, isikanyagwe kavu. Washa zipakwe mafuta ya kula, si ya gari, maana maji yale hunywewa. Na kila pipa likiuzwa, fedha kidogo iingie kwenye kopo la vipuri kabla ya kununua ulezi mwingine.

Siku ya kuijaribu tulimwita dada yangu. Alikuja na mkongojo wake, akakaa kivulini, akamtazama binti yake akikanyaga mpaka maji yakaanza kulia ndani ya pipa. Hakusifu. Aliuliza tu, na safari hii hakuna aliyecheka:

"Na ikiharibika?"

Binti yake alishuka, akaingia ndani, akatoka na kopo. Akamwekea mama yake mapajani washa mbili mpya, spana, na noti zilizokunjwa. Dada akazihesabu zile noti polepole, akazirudisha, akafunga kopo. Kisha akanigeukia, akaniomba nimletee maji ya kunywa kutoka kwenye lile pipa. Nikaenda kuyachota.