Shahada ya huduma za fedha kwa masafa: mtihani hufanyiwa wapi?

Masomo ya fedha ni miongoni mwa yale yanayofundishika vyema kwa masafa. Hayahitaji maabara wala wodi ya wagonjwa. Mizania ya benki husomeka kisiwani Koyama kama isomekavyo Nairobi, almuradi faili limefika. Ugumu huja wakati wa kupima: chuo kitajuaje kwamba aliyejibu maswali ndiye aliyesajiliwa, na huyo aliyesajiliwa atafikaje mahali pa kujibia?

Suala hili ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wafanye mitihani yake bila kusoma katika vyuo vilivyoshirikiana nacho. Mwaka 1865 mitihani hiyo ilifanyika kwa mara ya kwanza nje ya Uingereza, tena katika kisiwa cha Bahari ya Hindi, Mauritius. Mtu alijisomea alikoweza na kwa namna aliyoweza. Siku ya mtihani, hata hivyo, alikaa mbele ya msimamizi. Vyuo vingi vya masafa vingali vinafuata msingi huo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, mfano ulio karibu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Miongoni mwa shahada zake ni ya usimamizi wa biashara katika mkondo wa fedha. Mwanafunzi husoma kwa wakati wake, hufanya majaribio yenye muda maalumu, kisha huketi mtihani katika kituo cha mkoa. Unguja na Pemba nako kuna vituo. Lugha ya kufundishia, ni vyema ieleweke mapema, kwa sehemu kubwa ni Kiingereza.

Katika mwambao wa Kismayo hadi Ras Kamboni, utaratibu huo hukumbana kwanza na bahari. Mkazi wa Chula au Chovai anayekwenda mjini Kismayo hutegemea chombo, na mtihani uliopangwa Juni au Julai huangukia katikati ya msimu wa kusi. Kuketi nyumbani mbele ya kamera ya kompyuta huondoa safari, lakini huleta mashaka ya mtandao. Mwezi Juni 2017 meli iliukata mkebo wa chini ya bahari unaoihudumia Somalia, na sehemu kubwa ya nchi ikakaa bila intaneti ya kawaida kwa zaidi ya wiki tatu. Chuo kisicho na kanuni ya maandishi juu ya kuahirisha mtihani kwa sababu kama hiyo hakimfai mwanafunzi wa eneo hili, hata kama ada yake ni nafuu.

Kikwazo kingine ni kitambulisho. Msimamizi hulinganisha uso na hati, na Wabajuni wengi waliohamishwa na vita walibaki bila hati yoyote. Somalia ilizindua kitambulisho kipya cha taifa mwaka 2023; anayekusudia kujisajili chuoni angefanya vyema kukishughulikia kabla ya kulipa ada, na kuhakikisha jina limeandikwa namna moja katika kila karatasi.

Njia iliyowahi kutumika kwa watu wasio na chuo jirani ilionekana Dadaab, Kenya. Kuanzia mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, vilifundisha wakimbizi na wenyeji huko. Masomo yalielemea ualimu, si fedha, ila utaratibu ni uleule: vyuo kadhaa kutumia kituo kimoja cha kusomea, chenye kompyuta.

Lipo pia suala la kinachopimwa, na hapa walimu wa masafa wana deni. Vitabu vingi huanzia benki na soko la hisa, ilhali fedha za Kismayo hupita zaidi katika hawala na simu. Huduma ya EVC Plus ya Hormuud ilikuwa imezoeleka kwa miaka kabla ya Benki Kuu ya Somalia kuipa kampuni hiyo leseni ya fedha za simu, Februari 2021. Mwaka 2013 Barclays ilipotaka kufunga akaunti ya Dahabshiil, kampuni hiyo ilipata amri ya muda ya mahakama mjini London. Mkasa huo pekee unatosha kuzaa maswali juu ya utambuzi wa mteja, udhibiti wa fedha haramu na gharama ya kumnyima mtu huduma.

Swali linaweza kuwa dogo zaidi: wakala wa Kismayo amemlipa mteja dola 200 kabla ya mwenzake wa London kumpelekea chochote. Je, kiasi hicho kiandikwe upande gani wa vitabu vyake? Ni mali, kwa kuwa anadai, lakini mali hiyo ina thamani gani ikiwa mwenzake amefungiwa akaunti? Mwanafunzi anayetakiwa kutumia hesabu za biashara anayoijua, kisha akahojiwa kwa dakika 10 kwa simu ya video, hawezi kwa urahisi kununua majibu kwa mtu mwingine. Mahojiano hayo humgharimu mwalimu muda, ndiyo maana vyuo vyenye wanafunzi wengi huyakwepa. Anayechagua chuo aulize, pamoja na ithibati na ada, ni alama ngapi hutoka katika kazi za namna hiyo na ngapi hutegemea siku moja ya mtihani ng'ambo ya maji.