Mnyoo Bapa: Istilahi na Kiumbe Chenyewe

Mnyoo bapa ni istilahi ya Kiswahili inayosimama mahali pa jina la kisayansi Platyhelminthes, ambalo limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya bapa na jingine mnyoo. Aliyeiunda alichagua vizuri. Mhunzi analijua bapa la upanga, ule upande mpana usiokata, na mtoto wa shule ya msingi huielewa istilahi hii bila kufungua kamusi. Hata hivyo, maneno haya mawili yanakuja na mazoea yake. Tukisikia mnyoo, tunafikiria tumbo la mtoto na dawa za zahanati. Tukisikia bapa, tunatazamia kiumbe kilicholala kama utepe. Yupo mnyoo bapa wa maji baridi anayeyavunja mazoea yote mawili: Stenostomum leucops.

Mfaransa Antoine Dugès ndiye aliyemweleza mnyoo huyu mwaka 1828. Ana urefu wa karibu milimita 1, mweupe wa kupenyeka mwanga, na haishi ndani ya mwili wa mnyama yeyote. Anaogelea madimbwini, mitaroni na kando ya maziwa, kati ya majani ya maji na takataka zinazooza, akila bakteria, mwani na vijidudu vidogo kumzidi. Tena si bapa. Ukimkata kwa kukingama, utakuta mwili wake ni karibu duara.

Kwa nini basi aitwe bapa? Jibu limo katika jinsi minyoo hawa wanavyopumua. Hakuna mnyoo bapa mwenye moyo, mishipa ya damu au mapafu. Oksijeni hupenya ngozini na kusambaa yenyewe kutoka seli hadi seli, na safari hiyo haiwezi kuwa ndefu. Mnyoo akiwa mkubwa hana budi kuwa mwembamba, ili kila seli iwe karibu na ngozi. Mwenye milimita 1 hana shida hiyo, kwa kuwa hata katikati ya mwili wake ni karibu na maji. Ubapa, kwa hiyo, ni matokeo tu. Chanzo ni kukosa damu.

Mweke hai kwenye slaidi, katika tone la maji, umfunike kwa kioo chembamba, kisha umtazame kwa hadubini. Mwili mzima umevaa silia, nywele fupi zinazopiga maji bila kupumzika, nazo ndizo zinazomsukuma. Pande zote mbili za kichwa kuna vishimo viwili vyenye silia, vya kunusia maji. Nyuma ya vishimo, kwenye ubongo, vinang'aa vijifuko viwili vinavyopinda mwanga. Si macho, lakini vinafanana nayo, na leucops maana yake ni mwenye macho meupe. Mdomo uko upande wa tumbo, ukifuatwa na koromeo, kisha utumbo ulionyooka usio na tundu la kutokea, hivyo mabaki ya chakula hurudi kwa njia ya mdomo. Mgongoni unapita mfereji mmoja tu wa kutolea maji ya ziada.

Mara nyingi utaona pia mstari uliobana katikati ya mwili. Nyuma ya mstari huo kichwa kipya kinajengwa: ubongo, vishimo na koromeo, vyote vikikamilika kabla ya mwili kukatika. Wanasayansi huita uzazi huu paratomia, nasi tunaweza kusema kujigawa baada ya kujijenga. Wakati mwingine wa nyuma huanza kugawanyika kabla hajaachana na wa mbele, wakawa watatu au zaidi katika safu moja. Kundi lake huitwa Catenulida, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mkufu mdogo. Napendekeza kwa Kiswahili tuwaite minyoo bapa mkufu.

Katika kumtambua, mkufu peke yake hautoshi, kwa sababu Microstomum, mnyoo bapa wa kundi jingine, naye huungana hivyo hivyo. Tazama utumbo: wa Microstomum unatangulia mbele ya mdomo, wa Stenostomum unaanzia nyuma yake. Naye Catenula hana vishimo vya kichwani. Haya yote yatazamwe mnyoo akiwa hai, maana akitiwa kwenye spiriti hujikunja akawa donge lisilosomeka. Jina Stenostomum leucops limeandikwa katika orodha za viumbe wa mabara kadhaa, lakini uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba baadhi ya majina ya kundi hili yanabeba spishi zaidi ya moja zinazofanana kwa sura. Kwa hiyo ramani ya makazi yake itabadilika kadiri spishi hizo zitakavyotenganishwa.

Kwetu Afrika Mashariki kumtambua mnyoo huyu kuna uzito wa pekee. Mnyoo wa kichocho na tegu ni minyoo bapa pia, na wametokana na mababu waliokuwa wakijitegemea majini. Lava wa kwanza wa kichocho, mirasidio, naye huogelea kwa silia katika maji baridi. Lakini ana milimita 0.15 tu, hali chakula, na asipompata konokono ndani ya saa chache hufa. Mwenye kuwajua wote wawili hatamdhania Stenostomum ni ugonjwa, wala hatadhani kila mnyoo wa ziwani anatafuta ngozi ya mtu.

Istilahi mnyoo bapa ibaki, kwa kuwa imeshakaa vinywani. Kinachohitaji kurekebishwa ni maelezo yake katika kamusi na vitabu vya shule, nami ningeyaandika hivi: mnyama laini asiye na mifupa, damu wala mapafu, anayepumua kwa ngozi, ambaye utumbo wake, akiwa nao, kwa kawaida una tundu moja, wakubwa wao ni bapa, wengine huishi huru majini au kwenye udongo wenye unyevu, wengine ni vimelea. Mwalimu akianza na wale walio huru, mwanafunzi atamwelewa kichocho kama tawi la ukoo mkubwa, na atakuwa ameujua mwili wa mnyoo bapa kabla ya kuyajua magonjwa yake.